Mmetengana, Nyumba Inavuja: Nani Amlipe Fundi?

Mama mmoja aliniletea bahasha ya kaki imejaa risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Akazimwaga mezani, tukaanza kuzipanga. Zaidi ya nusu zilikuwa nyeupe pe. Karatasi zile huchapwa kwa joto na hufutika kwa joto, naye alikuwa amezitunza miaka mitatu chini ya godoro, kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Baada ya mume kuhama, mama huyu alipaua nyumba upya, akaweka grili madirisha yote, akachimba karo jipya la majitaka. Mume aliporudi, alirudi na dalali. Anataka nyumba iuzwe wagawane nusu kwa nusu, na kuhusu paa anasema, "Mbona bati mimi niliacha zipo?"

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na migogoro ya namna hii naisikiliza karibu kila wiki. Wengi huja wameshachelewa: fundi kalipwa, saruji imekauka, ujumbe umefutwa kwenye simu. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa mfuatano ambao ningependa watu waufuate kabla hata mchanga haujashushwa. Unahusu Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29). Zanzibar na Kenya nitazigusa kidogo mbele, maana huko sheria ni nyingine.

Hatua ya 1: Jua mmetengana kwa namna gani

Neno "tumeachana" watu hulitumia kwa hali tatu tofauti, na kila moja ina matokeo yake.

Ya kwanza ni kuhama tu. Mmoja kabeba begi, kaenda kupanga kwingine au karudi kwao. Hakuna karatasi yoyote ya mahakama. Kisheria ndoa bado ipo, hata kama imepita miaka sita hamsalimiani. Ya pili ni kutengana kwa amri ya mahakama. Ya tatu ni talaka iliyotolewa na mahakama. Talaka iliyotamkwa mdomoni, au karatasi ya shekhe peke yake, haifungui mlango wa kugawana mali. Lazima ipite mahakamani.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya kifungu cha 114. Kifungu hicho kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana katika ndoa kwa juhudi za pamoja, pale inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, au baada ya kuitoa. Mkiwa kwenye hali ya kwanza, kifungu hicho hakijaanza kufanya kazi kwenu. Kwa hiyo ukiambiwa "peleka risiti mahakamani akulipe nusu ya bati" wakati hamna shauri lolote la ndoa, mshauri wako amekurukisha hatua kadhaa.

Na kama hamkufunga ndoa? Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawajua kama mke na mume, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na hupingwa sana. Utahitaji majirani, mjumbe, na ndugu wa pande zote wa kusema waliwajuaje.

Hatua ya 2: Nyumba yenyewe ni ya nani?

Watu hupenda kuanza na fundi. Anza na hati.

Kama majina yenu wote wawili yamo, kifungu cha 60 kinadhania mna haki sawa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kama jina ni la mmoja, dhana ni kwamba ni yake. Lakini ikiwa mlijenga wakati wa ndoa kwa jasho la wote, jina kwenye karatasi halimalizi mambo, na mwenzake anaweza kuthibitisha mchango wake.

Nyumba ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa ndiyo inayowachanganya wengi. Huwa nasikia, "Hii niliijenga ukiwa bado kwenu, huna chako hapa." Lakini kifungu kidogo cha 3 cha kifungu cha 114 kinasema mali iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo ikiwa imeboreshwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, ama na mwenzake ama kwa juhudi za wote. Neno la kushika hapo ni "kiasi kikubwa". Kubadilisha vitasa na kupiga rangi sebuleni hakutoshi. Chumba na sebule vilivyogeuka nyumba ya vyumba vitatu yenye choo cha ndani, hapo una hoja.

Kisha kuna nyumba iliyo kwenye uwanja wa wakwe. Hii huniumiza kila nikiipokea. Mke kaolewa, kaambiwa "jengeni hapo nyuma", kaweka pesa za biashara yake, kaweka vigae na madirisha ya alumini. Ndoa inavunjika, baba mkwe anasema kiwanja ni cha ukoo. Mahakama inayovunja ndoa hugawa mali za wanandoa. Kiwanja kikithibitika kuwa cha mtu wa tatu, mgawanyo hauwezi kukigusa kirahisi, na unajikuta na vita ya pili dhidi ya watu ambao hukuoana nao. Kama upo kwenye hali hii na mmeshatengana, shauri langu ni moja: usiongeze hata tofali. Ukilazimika kuzuia uharibifu, pata kwanza maandishi ya mwenye kiwanja, yenye sahihi yake na ya mashahidi, yanayosema umeweka nini na utarudishiwaje.

Hatua ya 3: Itenge kazi kabla ya kuitenga pesa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo usipapite haraka. Kazi zinazofanyika kwenye nyumba baada ya kutengana ni za namna tatu, na jibu la "nani alipe" hubadilika kwa kila moja.

*Kazi ya kuokoa nyumba.* Paa limeng'oka kwa upepo, bomba limepasuka ukutani, waya unatoa cheche, karo limebomokea ndani, ukuta wa uzio umelalia kwa jirani. Kazi hii haingoji mpatane. Aliye karibu aifanye, kwa gharama ya kadiri, na wote wawili waibebe kulingana na haki zao kwenye nyumba, maana isipofanyika wote wanapoteza. Aliyelipa adai sehemu ya mwenzake. Aliyehama akisema "mimi siishi humo", mjibu kwamba thamani yake inaishi humo.

*Matengenezo ya matumizi.* Koki inayochuruzika, taa, kitasa, kuvuta majitaka, rangi chumbani kwa watoto. Kwa maoni yangu anayeishi ndani alipe, kwa sababu yeye ndiye anayetumia na kuchakaza. Umeme na maji vivyo hivyo. Ila kuna kitu kimoja ndani ya umeme ambacho wengi hawakioni: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayelipa kodi ya jengo la wote wawili. Ni pesa ndogo, 18,000 kwa mwaka, lakini iandike. Kumbukumbu ya miaka mitano mfululizo huonyesha ni nani aliyebaki akiitunza nyumba.

Kuna jambo la kuzingatia. Ikiwa aliyebaki ndani ni mke asiye na kipato pamoja na watoto, usimbebeshe kila kitu kwa hoja ya "unaishi bure". Kifungu cha 63 kinamtaka mume ampatie mkewe makazi, chakula na mavazi kulingana na uwezo wake, na kutengana kwa kuhama tu hakujavunja ndoa. Nyumba isiyokalika si makazi.

*Maboresho.* Vigae juu ya sakafu iliyokuwa nzima, dari la jipsam, jiko jipya, chumba cha kupangisha, geti la kuslaidi, kisima. Haya yanaweza kungoja. Na kwa kuwa yanaweza kungoja, anayeyafanya bila kumuuliza mwenzake anajibebea hatari yote peke yake. Huwezi kumrudishia mtu nusu ya bili ya vigae alivyochagua mwenyewe, kwa bei aliyoipenda mwenyewe, wakati wewe unahangaika na kodi ya chumba kwingine. Kitu unachoweza kumtambulia kwa haki ni ongezeko la thamani aliloleta kweli. Gharama na thamani ni vitu viwili. Kisima cha milioni 8 kwenye mtaa ambao bomba la maji linapita mlangoni hakiipandishi nyumba kwa milioni 8. Choo cha ndani kwenye nyumba isiyokuwa nacho kinaweza kuipandisha zaidi ya kilichotumika.

Ukipata kazi iliyo katikati, kwa mfano paa lilivuja ukabadilisha lote na kuweka bati za rangi za geji 28 badala ya za zamani, ivunje vipande viwili. Kiasi ambacho kingetosha kuziba na kubadilisha bati mbovu ni kuokoa nyumba. Kilichozidi ni boresho. Mwombe fundi aandike makadirio mawili siku hiyohiyo anapopanda juu, kabla hajaanza kung'oa misumari.

Hatua ya 4: Mwarifu mwenzako kabla, hata kama hamuongei

Najua ni kazi ngumu. Mtu aliyekuumiza, unamtumia ujumbe kuhusu bati. Lakini ujumbe huo ni nusu ya dai lako. Uandike bila mashtaka na bila ya jana. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za kazi. Paa upande wa jikoni linavuja tangu mvua ya Jumamosi, maji yanaingia kwenye waya. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anasema bati 14, mbao na ufundi jumla 780,000. Wa pili anasema 910,000. Nakutumia picha na makadirio yao. Naomba jibu kabla ya Alhamisi. Ukiwa na fundi wako mlete aangalie. Nisipopata jibu nitatumia fundi wa kwanza kuzuia uharibifu, na gharama tutaihesabu."

Tazama kilichomo: tatizo, hatari, bei mbili, nafasi ya kuleta fundi wake, muda, na nia yako. Asipojibu, ukimya wake haumfanyi mdeni moja kwa moja, ila huwezi tena kuitwa mtu aliyefanya kwa siri. Kama amekufungia simu, peleka barua kwa mshenga, kwa mkubwa wa familia yake au kwa mwenyekiti wa mtaa, na ubaki na nakala iliyosainiwa "nimepokea" yenye tarehe.

Kwa upande wako wewe uliyehama: ukipokea ujumbe kama huo, usinyamaze kwa hasira. Jibu hata kwa mstari mmoja. "Ziba panapovuja, nusu nitatoa. Vigae sikubaliani." Mstari huo unaweza kukuokolea mamilioni.

Hatua ya 5: Andikianeni

Mkikubaliana, msiishie kwenye maneno. Karatasi moja inatosha. Iwe na majina yenu kamili, nyumba ilipo, hali yake siku ya leo, kazi itakayofanyika, jumla ya gharama, nani anatoa kiasi gani, na, hili ndilo linalosahaulika, pesa hiyo itarudije. Sehemu hiyo iandikeni kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma. Mfano:

"Mke atalipa shilingi 6,000,000 kujenga choo na bafu la ndani. Nyumba ikiuzwa au ikigawanywa, mthamini ataonyesha thamani iliyoongezwa na kazi hiyo, na mke atachukua kwanza kiasi hicho kabla ya mgawanyo. Kiasi hicho hakitazidi alichotumia. Makubaliano haya hayabadilishi haki nyingine ya yeyote kwenye nyumba."

Sahihi zenu, mashahidi wawili, mmoja kila upande, na ikiwezekana mbele ya wakili. Mahakama ikija kugawa mali itatazama hali nzima, kwa hiyo karatasi hii haiifungi mikono. Lakini ni ushahidi mzito wa nini kilikuwa nia yenu.

Kama kuna tishio la nyumba kuuzwa chini kwa chini, usijenge kwanza. Linda kwanza. Kifungu cha 59 kinakataza mwenye jina kuuza, kugawa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo, na kinampa mwenzake maslahi anayoweza kuyalinda kwa zuio, yaani pingamizi la maandishi dhidi ya kuuzwa. Kama nyumba ina hati, zuio huwekwa kwa Msajili wa Hati. Kwa nyumba isiyopimwa, barua kwa serikali ya mtaa haina nguvu ya zuio, lakini mwenyekiti aliyekwisha kuipokea atasita kugonga muhuri kwenye mkataba wa mauziano. Kifungu hichohicho kinamlinda mwenzi aliyetelekezwa asifukuzwe na mwenzake kwenye nyumba ya ndoa.

Hatua ya 6: Tunza ushahidi kama unavyotunza hati

Katika rufaa ya Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo (Na. 102 ya 2018), Mahakama ya Rufani ilisema kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Machozi hayapimi kiwango. Kwa hiyo:

Nunua kaunta buku moja, la nyumba tu. Kuna mzee mmoja alikuja na lake, na nilitamani kila mtu alione. Ukurasa wa kushoto tarehe na kazi, wa kulia pesa: "Saruji mifuko 12. Nondo mm 12, 6. Kirikuu kutoka dukani 15,000. Kibarua siku 2. Chakula cha mafundi kapika mama watoto." Mstari huo wa mwisho aliuandika yeye, mume, bila kujua kwamba siku moja ungemsaidia mkewe. Nilipomwonyesha hakubisha. Alisema, "Ni kweli alipika, na mchanga tulizoa wote."

Risiti za EFD zipige nakala siku hiyohiyo na uzipige picha. Fundi akikataa kuandika, mlipe kwa simu na uandike maelezo ya malipo. Taarifa ya miamala unaweza kuiomba kwa kampuni ya simu baadaye. Ujumbe wa simu na picha vinakubalika kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila utaulizwa ulivitunzaje, kwa hiyo usibadilishe simu bila kuhifadhi. Piga picha kabla, katikati na baada. Picha ya "kabla" ndiyo watu huisahau, na bila hiyo utathibitishaje kwamba sakafu ilikuwa ya vumbi?

Jasho nalo lihesabiwe. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hukumu hii hutajwa kila mahali, na ni haki itajwe. Ila wengi hawajui kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na sehemu ya nyumba: mahakama iliona mumewe alishampa pesa za mradi wa familia naye akazitapanya. Kanuni ilisimama, mwenye shauri akakosa. Aliyesimamia mafundi, aliyeteka maji ya zege, aliyelala kwenye pagala kulinda mabati, aandike siku na kazi, kisha atafute aliyemwona.

Hatua ya 7: Uliza pesa imetoka wapi

Risiti inaonyesha nani alisimama kaunta. Haionyeshi pesa ilikuwa ya nani.

Kama nyumba ina wapangaji na aliyebaki ndiye anayekusanya kodi, pesa hiyo ni tunda la mali yenu wote. Akiitumia kujenga banda la pili la vyumba vinne, hawezi kusimama na kusema "nimejenga kwa nguvu zangu". Sehemu ya banda hilo ni ya mwenzake pia. Nimeona watu wakiduwaa wakisikia hili, wanaume kwa wanawake.

Mkopo wa SACCOS au VICOBA uliochukuliwa baada ya kutengana una swali lake: ulikuwa kwa faida ya nani? Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote. Mkopo wa kuokoa paa una hoja nzuri ya kuwa deni la wote. Mkopo wa kuweka baa uani kwa jina lako, hapana.

Pesa iliyotumwa na kaka aliyeko Muscat au dada aliyeko Minnesota mara nyingi hutumwa bila kusema ni zawadi kwa nani. Mwombe aandike. Je, alimpa nduguye, aliwapa wote, au alikopesha? Swali hili huulizwa wakati mtumaji ameshakasirika na upande mmoja, na maneno yake hubadilika.

Hatua ya 8: Pigeni hesabu

Mwiteni mthamini aliyesajiliwa. Gharama yake mgawane. Mwombeni vitu viwili: thamani ya sasa, na thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo leo bila maboresho. Hapo mnaondoa kupanda kwa bei ya kiwanja, ambako hakuna aliyekusababisha. Barabara ikiwekwa lami, vigae vyako havihusiki.

Tuchukue mfano. Nyumba leo ina thamani ya milioni 54. Bila maboresho ya mke ingekuwa milioni 46. Kwa hiyo maboresho yameongeza milioni 8, ingawa alitumia milioni 10. Katika hizo 10, milioni 4 zilikuwa kodi ya wapangaji na milioni 6 zake mwenyewe. Sehemu yake binafsi ya ongezeko ni sita ya kumi ya milioni 8, yaani milioni 4.8. Mbali na hayo, alilipa peke yake milioni 1.2 kuokoa paa.

Toa 4.8 kwenye 54, zinabaki 49.2. Kama haki zenu kwenye nyumba ni sawa, kila mmoja 24.6. Mke aongezewe 4.8 yake: 29.4. Mume amrudishie nusu ya pesa ya paa, 600,000. Mke anafika milioni 30, mume 24.

Hii ni njia ninayoitumia kuwakalisha watu mezani, na mahakama haina wajibu wa kuifuata. Yenyewe itaangalia mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja kwa pesa, mali au kazi, madeni, na mahitaji ya watoto, na baada ya hayo sheria inaitaka ielekee kwenye usawa. Lakini watu wakiona hesabu imeandikwa hivi, mstari kwa mstari, sauti hushuka.

Hatua ya 9: Mkishindwana

Anzeni na Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwenye kata. Waislamu wanaweza kupitia baraza lao la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu). Shauri la talaka kwa kawaida haliwezi kufunguliwa mahakamani mpaka baraza lithibitishe, kwa Fomu Na. 3, kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hakikisha fomu imesainiwa na kugongwa muhuri; nimeona mashauri yakianguka kwa kasoro hiyo baada ya mwaka mzima wa nauli. Wapo walioruhusiwa kupita bila baraza, kwa mfano aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi.

Baada ya hapo, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka, sawa na ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Katika maombi yako usiseme tu "naomba mgawanyo wa mali". Taja nyumba, taja kazi zilizofanyika baada ya kutengana na tarehe zake, na uombe waziwazi utambuliwe ulichoongeza. Hakimu hawezi kukisia. Usiporidhika na hukumu, muda wa kukata rufaa katika mashauri ya ndoa ni siku 45. Ukikosa ada au wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo inayotutambua sisi wasaidizi wa kisheria. Tuulizie kwenye ofisi ya kata au ustawi wa jamii.

Kwa walioko Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 9, inampa mwenzi aliyechangia kuboresha mali isiyo ya ndoa haki inayolingana na mchango wake, na Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki. Waislamu huko huanzia kwa Kadhi.

Hatua ya 10: Siku ya makabidhiano

Pesa ikilipwa, iandikwe ni ya nini. "Nimepokea milioni 5.4" bila maelezo huzaa kesi nyingine, andika "ikiwa ni 4.8 ya maboresho na 0.6 ya paa, sidai tena kuhusu kazi zilizoorodheshwa." Kama mlikubaliana kwa awamu, kila awamu na karatasi yake. Zuio liondolewe kwa maandishi baada ya awamu ya mwisho, na si kabla. Anayeondoka aonyeshwe vitu gani vinabaki: grili, dari, tangi la maji na mnara wake hubaki na nyumba, pampu ya kuchomoa na makabati yasiyopigiliwa mkubaliane. Pigeni picha kila chumba mkiwa wote wawili, andikeni uniti zilizobaki kwenye LUKU na usomaji wa mita ya maji, kisha funguo zihesabiwe, pamoja na ile ya akiba aliyo nayo jirani.